Gamcheon Haikuokolewa na Rangi

Karibu kila anayeandika kuhusu Gamcheon, mtaa wa mlimani katika jiji la bandari la Busan, Korea Kusini, husimulia hadithi ileile. Palikuwa na mtaa wa mafukara, nyumba zimepandana mlimani, vijana wamehama, wazee wamebaki. Mwaka 2009 wakaja wasanii na ndoo za rangi. Kuta zikang'aa kwa waridi, samawati na manjano, ndege wenye nyuso za watu wakatua juu ya mapaa, samaki wa vipande vya mbao wakaogelea kwenye ukuta wa kichochoro. Watalii wakamiminika, fedha zikafuata, mtaa ukafufuka. Basi, husema wasimulizi, sanaa huokoa mitaa maskini, na kila mji wenye kilima cha makazi duni ufanye hivyohivyo.

Hadithi hiyo imo katika vipeperushi vya utalii, imo katika semina za mipango miji, na maofisa wa nchi mbalimbali, wakiwemo wa kutoka Afrika, wamefunga safari kwenda kujifunza muujiza wenyewe. Mimi naipinga. Gamcheon ni mahali pazuri mno, na uzuri wake ndio unaonifanya niandike. Hadithi ya rangi inawanyang'anya sifa watu walioujenga mtaa ule na kuwapa waliofika nusu karne baadaye. Ubaya wake mkubwa zaidi ni kwamba fedha za umma hufuata hadithi. Serikali ikishaamini kwamba ukuta uliopakwa rangi ndio dawa, itanunua rangi.

Turudi kwenye Vita vya Korea. Mapigano yalipozuka Juni 1950, jeshi la Kaskazini lilisonga kwa kasi mpaka upande wa Kusini ukabakiwa na pembe moja tu ya nchi, na Busan ilikuwa ndani ya pembe hiyo. Kwa sehemu kubwa ya miaka mitatu ya vita, serikali ilikaa hapo. Jiji lililokuwa na watu wasiofika nusu milioni mwaka 1949 lilipita laki nane ndani ya miaka miwili. Na ardhi tambarare haikutosha. Busan ina bahari mbele na milima nyuma, na kati yake kuna ukanda mwembamba wa bandari, reli na masoko. Mkimbizi aliyekosa pa kulala chini alipanda juu. Mwisho wa Novemba 1953, miezi michache tu baada ya silaha kunyamazishwa, moto mkubwa uliteketeza eneo la stesheni ya reli na kuwaacha maelfu bila makazi, na milima ikazidi kujaa.

Miongoni mwa waliosongamana mjini walikuwemo waumini wa Taegeukdo, dini iliyozaliwa Korea kwenyewe na kuongozwa na Jo Cheol-je. Walikuwa wakiishi Bosu-dong, karibu na katikati ya jiji, katika mabanda. Katikati ya miaka ya 1950 walihamia kwenye mteremko wa Gamcheon, kaya zipatazo 800. Walijenga kwa mbao na chochote kilichopatikana cha kuezekea. Fundi wa kuchora ramani hawakuwa naye, lakini utaratibu walikuwa nao: nyumba ya mbele isiizibe ya nyuma, na vichochoro vyote viungane. Ndiyo maana ukisimama ng'ambo ya bonde leo unaona safu juu ya safu, kila nyumba ikichungulia juu ya paa la iliyo chini yake, na ukiingia ndani hupotei kabisa, maana kichochoro hukutoa kwenye ngazi, na ngazi hukutoa kwenye kichochoro kingine.

Naomba msomaji akae hapa kidogo, maana hapa ndipo penye jambo. Watu wale walikuwa wametoka vitani. Wengi hawakuwa na hati ya ardhi, wala akiba. Katika hali hiyo mwenye nguvu huchukua mbele, hujenga juu kadiri awezavyo, na aliye nyuma humezwa na kivuli. Tumeona hivyo katika miji mingi ya dunia, na hatuhitaji kwenda mbali kuona. Gamcheon haikufanya hivyo. Mwanga wa jua, upepo na njia ya kupita viligawanywa kwa kila kaya kama haki yake, na mgawo huo uliandikwa mlimani kwa mawe na zege, mahali ambapo haufutiki kirahisi. Jo Cheol-je alifariki mwaka 1958. Wafuasi wake wakagawanyika, na tawi kubwa lililotokana nao, Daesun Jinrihoe, likaanzishwa Seoul mwaka 1969. Waumini wengi waliondoka Gamcheon, wakaingia watu wasiohusika kabisa na dini hiyo. Mbao zikaondolewa, yakaja matofali ya saruji. Utaratibu wa safu ukabaki. Ni nadra mpango wa makazi kudumu hivyo baada ya kufa mwanzilishi wake, kusambaratika kwa waumini wake na kubadilishwa kwa karibu kila ubao wake.

Mpango wa wasanii wa mwaka 2009, uliogharimiwa kupitia Wizara ya Utamaduni, Michezo na Utalii, ulizikuta safu hizo. Haukuziunda. Jina la mpango lilizungumzia ndoto ya Machu Picchu ya Busan, na aliyelichagua alikuwa tayari anavutiwa na matuta ya nyumba kabla ya brashi ya kwanza kuchovywa. Chukua rangi zilezile uzipake kwenye majengo ya ghorofa yaliyopangwa kama makreti bandarini: hakuna atakayepanda basi dogo kutoka stesheni ya Toseong kwenda kuyapiga picha. Kumsifu mpaka rangi kwa uzuri wa Gamcheon ni kuisifu sahani na kumsahau mpishi.

Na huko Machu Picchu kwenyewe haishi mtu. Ni magofu yaliyohamwa karne nyingi zilizopita. Mgeni huingia humo bila kumwamsha yeyote, hachungulii dirisha la mtu, hapigi picha nguo za ndani za bibi kizee kwenye kamba. Gamcheon ina watu ndani, na wengi wao ni wazee. Mtaa wenye watu ukiuzwa kwa mfano wa mahali pasipo na watu, mgeni naye huja akiwa na matarajio ya mahali pasipo na watu.

Sasa tuitazame hiyo inayoitwa kufufuka. Mwaka 2011 wageni walikuwa yapata elfu 25. Mwaka 2019 walizidi milioni 3. Hakuna anayebisha kwamba huo ni ushindi wa aina yake. Lakini mtaa uliofufuka ni ule ambao watu wanahamia, wanaoana, wanazaa, wanapeleka watoto shule. Katika miaka hiyohiyo ambayo wageni waliongezeka zaidi ya mara mia, wakazi wa Gamcheon waliendelea kupungua. Nyumba za sanaa ambazo mgeni huzikuta vichochoroni, zile zilizotengenezwa kuanzia 2010, zilipatikana kwa sababu zilikuwa tupu: familia zilikuwa zimekwisha kuondoka. Busan nzima inazeeka, na mwaka 2024 jiji hilo lilitajwa kuwa la kwanza kati ya majiji makuu ya Korea kuingia katika kundi la miji iliyo hatarini kutoweka kwa kukosa vijana. Hakuna mchoro wa ukutani unaoweza kuzuia jambo kama hilo, wala si haki kuudai uzuie. Ila basi tusiseme umezuia.

Yapo ambayo kamera huyapita. Vichochoro vingi havipitishi gari. Jokofu, godoro, mtungi wa gesi, mgonjwa: vyote hupanda na kushuka kwa mikono na migongo ya watu. Nyumba nyingi zilijengwa bila choo, na vyoo vya pamoja viliendelea kutumika muda mrefu baada ya Korea kuwa nchi tajiri. Matangi ya maji ya buluu juu ya mapaa, ambayo kwenye picha huonekana kama sehemu ya mchezo wa rangi, yamewekwa pale kwa sababu maji hayakuwa ya uhakika kwenye miinuko ile. Mgeni anayapiga picha kwa furaha. Hana kosa, kwani hakuna aliyemweleza.

Foleni ndefu kuliko zote Gamcheon huwa mbele ya sanamu mbili ndogo, mvulana na mbweha, wameketi ukingoni mwa ukuta wakitazama bonde, migongo yao kwetu. Ni Mwanamfalme Mdogo, mhusika wa kitabu cha Mfaransa Antoine de Saint-Exupéry kilichotoka mwaka 1943. Watu husubiri zamu kwa muda mrefu ili waketi kati yao, wapigwe picha, waondoke. Nakipenda kitabu hicho na sanamu zenyewe ni nzuri. Lakini Mwanamfalme hakutoka Bosu-dong na mzigo kichwani, hakukimbia vita, hakubeba saruji kupanda ngazi 148. Kitu kinachopigwa picha kuliko vyote katika mtaa ule hakina uhusiano wowote na mtaa ule. Rangi na sanamu zilipaswa kumvuta mgeni aingie ndani ya habari ya mahali. Wengi zimewapa sababu ya kuishia mlangoni.

Watetezi wa rangi wana hoja nzito, na sitaipita kando. Wanauliza: kama si rangi, nini kingetokea? Katika Korea ya miaka ile jibu lilikuwa tingatinga. Mitaa ya mlimani ilibomolewa moja baada ya nyingine ili minara ya makazi ijengwe, na wapangaji wakalipwa kidogo au wasilipwe. Januari 2009, mwaka uleule wa mpango wa Gamcheon, polisi walivamia jengo la Yongsan jijini Seoul ambamo wapangaji walikuwa wakipinga kuondolewa. Moto ukazuka, na watu 6 wakafa, raia 5 na askari mmoja. Kwa mtu anayekumbuka Yongsan, ndoo ya rangi ni jambo la heri.

Na kuna Dongpirang, katika mji mwingine wa pwani, Tongyeong, saa moja na ushee kwa gari kutoka Busan. Kilima hicho kilikuwa kwenye orodha ya kubomolewa ili mnara wa ulinzi wa zamani wa kambi ya jeshi la majini la enzi ya Joseon ujengwe upya na bustani iwekwe. Mwaka 2007 wanaharakati wa mji waliitisha mashindano ya kuchora kuta. Wageni wakaja, wananchi wakapaza sauti, na halmashauri ikabadili uamuzi: zikabomolewa nyumba chache tu za kileleni, mnara ukajengwa, mtaa ukabaki. Hapo rangi ilisimamisha tingatinga kweli, na nalikiri hilo kwa moyo mmoja.

Lakini angalia kilichofanya kazi Dongpirang. Kulikuwa na tishio lililojulikana, kundi la watu lililojua linataka nini, na halmashauri iliyolazimika kujibu. Michoro ilikuwa silaha mikononi mwa watu hao. Silaha hiyohiyo mikononi mwa serikali, bila tishio na bila kundi, ni mapambo. Wala hoja ya tingatinga haipaswi kutufunga. Anayemwambia mkazi achague kati ya kubomolewa na kugeuzwa maonyesho ameshaondoa mezani kitu ambacho mkazi angekiomba kwanza: nyumba yake ikarabatiwe, abaki humo, na apate choo.

Ukitaka kuona michoro isiyo na kundi, nenda Ihwa, kilimani Seoul. Mradi wa sanaa wa umma wa mwaka 2006 uliacha huko ngazi za maua na ngazi za samaki, zikapendwa mno, zikaingia kwenye vipindi vya televisheni. Mabawa ya malaika yaliyochorwa ukutani yalifutwa mapema kwa sababu ya kero ya umati. Aprili 2016 baadhi ya wakazi wenyewe walizipaka zile ngazi rangi ya kijivu usiku, maua yakaisha, samaki wakaisha. Polisi wakafungua shauri la uharibifu wa mali. Magazeti yalishangaa: watu gani hawa wanaochukia uzuri? Hawakuchukia uzuri. Walichoka na kelele usiku, takataka mlangoni na wageni wasiowajua kukaa kwenye vizingiti vyao, na walikasirika kwamba mpango wa jiji uliamua nani anaruhusiwa kufungua biashara na nani haruhusiwi. Kijivu kile kilikuwa barua ya malalamiko iliyoandikwa kwa lugha pekee ambayo jiji lilikuwa limewafundisha kwamba linaisikiliza.

Mtaa wa Bukchon, nao wa Seoul, wenye nyumba za jadi ambazo hazikuhitaji rangi yoyote, umefika mbali zaidi. Tangu Novemba 2024 watalii hawaruhusiwi katika sehemu yake yenye msongamano kuanzia saa 11 jioni hadi saa 4 asubuhi, na tangu Machi 2025 anayekiuka anaweza kutozwa faini ya won 100,000.

Waswahili tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na tunaamini hivyo kwa dhati. Watetezi wa rangi wanaliamini jambo hilo pia, ingawa kwa maneno mengine: njoo, nunua kahawa, piga picha, umesaidia. Lakini mgeni wa methali yetu anabisha hodi. Anakaribishwa na mtu anayemjua jina, anakula kinacholiwa, anaulizwa habari za alikotoka. Mwenyeji ana uwezo wa kumwambia leo nyumbani kuna msiba, rudi kesho. Wageni milioni tatu hawabishi hodi. Kupona kwa mwenyeji kunataka mwenyeji awe na kauli juu ya mlango wake, na kauli hiyo haitoki kwenye ndoo.

Hapo ndipo Gamcheon inapostahili sifa ambayo hadithi ya rangi haiigusi. Wakazi waliunda baraza lao. Baraza hilo limeendesha mkahawa, duka la vitafunio na maduka ya zawadi, na mapato yakarudi katika huduma za mtaa. Ramani ya mihuri ambayo mgeni huinunua kwa won 2,000 ili imwongoze vichochoroni inamchangisha kidogo mtu ambaye angepita bure. Bafu la umma la zamani limegeuzwa kituo cha jumuiya. Saa za kutembelea zimetangazwa, na vibao vinaomba utulivu kwa sababu watu wamelala. Mambo hayo hayana mvuto kwenye picha. Lakini ukiuliza kwa nini Gamcheon haikupakwa kijivu kama Ihwa, jibu nalitafuta huko kabla ya kulitafuta kwenye kuta. Tena nasema baraza hili ni mjukuu wa ule utaratibu wa miaka ya 1950: watu wa bonde lilelile wakikubaliana tena kwamba wa mbele asimzibe wa nyuma.

Panda kidogo mpaka upande wa pili wa kilima, uingie Ami-dong. Wakati wa utawala wa Kijapani hapo palikuwa makaburi ya Wajapani. Wakoloni walipoondoka mwaka 1945 waliyaacha, na vita ilipoleta wakimbizi, wakimbizi walijenga juu ya makaburi, wakitumia mawe ya kaburini kuwa misingi, ngazi na kuta. Mawe hayo bado yapo, maandishi yake yanasomeka chini ya mitungi ya gesi na kwenye kona za nyumba. Foleni ya watu wa picha haipo. Lakini Januari 2022 makazi hayo ya wakimbizi yaliandikishwa kuwa urithi wa jiji, na mwaka 2023 Ami-dong iliingia, pamoja na maeneo mengine 8 ya Busan ya wakati wa vita, katika orodha ya awali ya Korea ya maeneo ya kupendekezwa UNESCO. Gamcheon haimo. Najua orodha ile inahusu miaka ya vita, na Gamcheon ilijengwa kidogo baadaye, kwa hiyo sitaubebesha ushahidi huu mzigo usio wake. Inatosha kusema hivi: mtaa jirani, maskini kama huu, uliheshimiwa kwa kile watu wake walichokifanya ili waishi, na hakuna aliyeona haja ya kuwatafutia kwanza mwanamfalme wa Kifaransa.

Sisemi mtu asiende Gamcheon. Nenda, na uende mchana. Teremka ngazi mpaka chini bondeni kisha uzipande tena, ili mapaja yako yajue jinsi mtungi wa gesi unavyofika juu. Nunua kwenye maduka ya baraza. Lipia ramani hata kama simu inakuonyesha njia. Ukifika mahali ambapo kichochoro kinageuka ghafla bila sababu inayoonekana, tazama juu: mara nyingi utakuta kimegeuka ili dirisha la mtu libaki wazi.

Maneno yangu makali zaidi nayaelekeza kwa mpangaji wa miji anayerudi kwao akiwa na picha elfu za Gamcheon na rasimu ya bajeti ya rangi. Kabla bajeti hiyo haijapitishwa, aulizwe wakazi wa kilima anachokusudia kukipaka wana hati gani ya kubaki hapo. Aulizwe maji yanafika saa ngapi, choo kiko wapi, na gari la wagonjwa linasimama umbali gani kutoka nyumba ya mwisho. Aulizwe chumba cha kwanza kitakachokodishwa kwa mgeni kitakuwa cha nani, na ni kikao gani cha wakazi kilichokaa na kukubali. Akiwa na majibu, rangi iongezwe mwishoni, na wenyewe wachague ipi. Akikosa majibu, fedha hizo zipelekwe kwenye mabomba.